Usanifu na Uchambuzi wa Majaribio ya Maikroarei ya Jeni: Maelezo kwa Mtafiti Anayeanza, kwa Mfano wa Mbu Sugu wa Anopheles gambiae

Ikisiri

Makala hii inaeleza hatua za kusanifu na kuchambua jaribio la maikroarei ya jeni kwa mtafiti anayeanza. Mfano unaotumika ni uchunguzi wa usugu wa mbu aina ya Anopheles gambiae dhidi ya viuatilifu. Hoja kuu ni kwamba kosa linalofanyika wakati wa kupanga sampuli haliwezi kuondolewa baadaye na mbinu yoyote ya kitakwimu, hata iwe bora kiasi gani. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kurejelea tafiti zilizochapishwa na kwa kufafanua mahesabu ya msingi ambayo kila mtafiti anapaswa kuyaelewa kabla ya kuyakabidhi kwa kompyuta.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayejifunza kutumia maikroarei kwa kawaida huanzia mwisho. Hupewa faili lenye maelfu ya safumlalo, hufundishwa amri chache za programu ya R, na baada ya saa kadhaa hupata orodha ya jeni zinazodaiwa kutofautiana baina ya makundi mawili. Mwandishi wa makala hii alianza kwa njia hiyo hiyo. Katika zoezi moja la kujipima, alijaza jedwali kwa namba za nasibu zilizotengenezwa na kompyuta: safumlalo 10,000 zikiwakilisha jeni, na safuwima 12 zikiwakilisha sampuli. Sampuli sita za kwanza aliziita "sugu" na sita zilizobaki akaziita "zisizo sugu". Hapakuwa na mbu wala jeni katika jedwali hilo. Hata hivyo, kipimo cha t kilimletea jeni zipatazo 500 "zenye tofauti ya maana" katika kiwango cha 0.05. Baadhi yake zilitoa michoro ya kupendeza ambayo ingeweza kuingizwa katika tasnifu bila mtu kushuku jambo lolote.

Zoezi hilo linafunza kwamba maikroarei haikosi jibu. Hata isipoulizwa swali lolote, itatoa orodha. Kwa hiyo ujuzi unaohitajika ni ule wa kupanga jaribio kwa namna ambayo orodha inayopatikana itakuwa na sababu moja tu inayoweza kuieleza. Kupata orodha yenyewe ni kazi nyepesi.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana wazi katika mapambano dhidi ya malaria. Vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa dawa majumbani hutegemea viuatilifu vya aina chache. Mbu wanapojenga usugu, ni lazima kufahamu usugu huo unatokana na nini ili kuamua dawa ipi ibadilishwe na ipi ibaki. Mtafiti akiitaja jeni isiyohusika, wale watakaomfuata watatumia miaka wakiichunguza, na mbu wataendelea kuuma.

2.0 Maikroarei Inapima Nini?

Kila seli ya mbu huwa na nakala ya jeni za mbu huyo, lakini si jeni zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Jeni inapofanya kazi, taarifa yake hunakiliwa katika RNA ya ujumbe, na kwa kufuata ujumbe huo seli hutengeneza protini. Wingi wa RNA ya ujumbe hutumika kama kadirio la kiwango cha utendaji wa jeni. Inafaa kusisitiza kuwa hili ni kadirio tu, kwani RNA nyingi haimaanishi daima kuwa protini nayo ni nyingi.

Maikroarei ni kibamba, aghalabu cha kioo chenye ukubwa wa kile kinachotumika katika hadubini, ambacho juu yake kumepangwa mamia au maelfu ya vidoa vya DNA. Kila kidoa kina uzi wa DNA unaolingana na jeni moja inayojulikana. RNA kutoka katika sampuli hugeuzwa kuwa nyuzi zinazobeba rangi inayong'aa, kisha humwagwa juu ya kibamba. Uzi ukikutana na mwenzake unaolingana nao, huungana nao, zilizosalia huoshwa. Mashine ya kusoma humulika kibamba kwa leza na kupima mng'ao wa kila kidoa. Katika mfumo wa rangi mbili, sampuli moja hupakwa rangi ya Cy3 na nyingine rangi ya Cy5, zote zikawekwa juu ya kibamba kimoja, na kinachosomwa ni uwiano wa mng'ao wa rangi hizo. Katika mfumo wa rangi moja, kila sampuli hupewa kibamba chake.

Mbinu hii ilitambulishwa na Schena na wenzake mwaka 1995, walipopima jeni 45 za mmea wa Arabidopsis thaliana. Jenomu ya Anopheles gambiae ilichapishwa mwaka 2002, na mwaka 2005 David na wenzake walieleza kibamba maalumu chenye jeni 230 za mbu huyo zinazodhaniwa kuhusika katika kuvunjavunja sumu za viuatilifu. Miongoni mwa mbu waliopimwa kwa kibamba hicho walikuwamo wa koo mbili zinazofugwa maabara na zenye asili ya Afrika Mashariki: ukoo wa Kisumu, ambao si sugu, na ukoo wa ZAN/U wenye asili ya Zanzibar, ambao ni sugu kwa DDT.

Msomaji makini ataona mara moja ugumu uliopo katika ulinganisho wa namna hiyo. Koo hizo zinatofautiana kwa usugu, lakini pia zinatofautiana kwa mahali zilikotoka na kwa historia ya kufugwa kwake. Jeni ikionekana kufanya kazi zaidi katika ukoo mmoja, kibamba hakiwezi kusema ni ipi kati ya tofauti hizo iliyosababisha. Hapo ndipo usanifu wa jaribio unapoanza.

3.0 Usanifu wa Jaribio

3.1 Kuchagua Ulinganisho

Swali la utafiti linapaswa kuandikwa kwa sentensi moja kabla ya kukamata mbu wa kwanza. Tuseme swali ni hili: ni jeni zipi zinazofanya kazi zaidi kwa mbu wa kijiji fulani kwa sababu ya usugu wao dhidi ya dawa ya vyandarua?

Kipimo cha usugu cha Shirika la Afya Duniani huwaweka mbu jike wenye umri wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, katika mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa kwa muda wa saa 1. Vifo huhesabiwa baada ya saa 24. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90, jamii hiyo ya mbu huhesabiwa kuwa sugu. Mtafiti anayeanza huvutiwa kuwalinganisha mbu waliosalimika na waliokufa. Ulinganisho huo hauwezekani, kwa kuwa RNA huharibika haraka baada ya kifo, na kitakachopimwa kitakuwa tofauti ya mzima na mfu.

Njia iliyozoeleka ni kutumia makundi matatu. Kundi A ni mbu wa kijijini waliosalimika baada ya kuguswa na dawa. Kundi B ni mbu wa kijiji hicho hicho ambao hawakuguswa na dawa. Kundi C ni mbu wa maabara wasio sugu, kwa mfano wa ukoo wa Kisumu. Kila ulinganisho una udhaifu wake. A na B wametoka mahali pamoja, lakini dawa yenyewe inaweza kuziamsha jeni kwa muda. Tena ndani ya B wamo mbu sugu pia, hivyo tofauti hupungua nguvu. B na C hawakuguswa na dawa, lakini mahali pa asili ni tofauti. A na C wanatofautiana kwa yote mawili. Jeni inayojitokeza kwa mwelekeo uleule katika ulinganisho wote watatu inastahili kuaminiwa zaidi kuliko ile inayojitokeza katika mmoja tu, kwa sababu udhaifu wa ulinganisho mmoja haupo katika mwingine.

Aidha, mambo mengine yote yanapaswa kufanana kadiri inavyowezekana. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa macho. Hutambuliwa kwa kipimo cha DNA. Ikiwa kundi moja lina spishi ya kwanza kwa wingi na kundi jingine lina ya pili, tofauti za spishi zitasomwa kama tofauti za usugu. Vilevile, utendaji wa jeni nyingi za mbu hupanda na kushuka kwa kufuata saa za mchana na usiku, na miongoni mwake zimo jeni za kuvunjavunja sumu. Mtafiti anayewagandisha mbu wa kundi A asubuhi na wa kundi C jioni atakuwa amepima saa.

3.2 Marudio

Marudio yapo ya aina mbili. Marudio ya kiufundi ni kupima sampuli ileile zaidi ya mara moja. Marudio ya kibiolojia ni kupima viumbe tofauti waliochukuliwa katika jamii ileile. Aina ya kwanza hueleza uthabiti wa vifaa. Aina ya pili hueleza tofauti zilizopo katika jamii yenyewe, na ndiyo inayoruhusu kusema jambo kuhusu mbu ambao hawakupimwa. Kuonja mchuzi wa sufuria moja mara sita hakuwezi kukueleza namna wapishi wa mtaa mzima wanavyopika.

Kwa kuwa mbu mmoja hutoa RNA kidogo, huwa ni kawaida kuwasaga mbu kadhaa pamoja. Mbu 60 wakigawanywa katika mafungu sita ya mbu kumikumi, na RNA ikatolewa katika kila fungu peke yake, mtafiti ana marudio sita ya kibiolojia. Mbu haohao 60 wakisagwa katika chombo kimoja, kisha RNA ikagawanywa katika mirija sita, ana rudio moja la kibiolojia lililopimwa mara sita. Gharama ya vibamba ni ileile, lakini thamani ya ushahidi ni tofauti kabisa.

Je, marudio mangapi yanatosha? Hesabu ndogo inaweza kutoa mwanga. Sampuli sita zinaweza kugawanywa katika makundi mawili ya tatu tatu kwa namna 20 tu. Hivyo, hata kama mgawanyo halisi ndio unaotoa tofauti kubwa kuliko migawanyo yote, uwezekano wa bahati kutoa tofauti kubwa kiasi hicho, kwa upande wowote kati ya miwili, ni 2 kwa 20, yaani 0.1. Sampuli 12 zinaweza kugawanywa katika makundi ya sita sita kwa namna 924, na uwezekano huo hushuka hadi takribani 0.002. Mtafiti mwenye sampuli tatu kwa kila kundi hulazimika kuegemea dhana nyingi zaidi kuhusu tabia ya data zake, na anapaswa kulikiri jambo hilo.

3.3 Athari ya Fungu

Sampuli zinazochakatwa pamoja, yaani siku moja, kwa mikono ileile na kemikali za chupa ileile, hufanana kwa namna ambayo haihusiani na biolojia yake. Kufanana huko huitwa hapa athari ya fungu. Athari hii ipo katika kila maabara, na uwepo wake pekee si kosa. Kosa hutokea pale fungu linapofungamana na kundi linalochunguzwa.

Mfano maarufu ni wa mwaka 2007. Spielman na wenzake walichapisha utafiti kuhusu seli za damu zilizooteshwa maabara, zilizotoka kwa watu wa mradi wa kimataifa wa HapMap. Waliripoti kwamba jeni 1,097 kati ya 4,197 zilizopimwa zilitofautiana kiutendaji baina ya watu wenye asili ya Ulaya na watu wenye asili ya Asia. Mwaka huohuo, Akey na wenzake walizirudia data hizo na kuangalia jambo dogo: tarehe ya kuchakatwa kwa kila kibamba. Vibamba vya watu wenye asili ya Ulaya vilikuwa vimechakatwa kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 2003 na 2004. Vile vya watu wenye asili ya Asia vilichakatwa mwaka 2005 na 2006. Asili ya mtu na mwaka wa maabara vilikwenda sambamba. Walipouingiza mwaka wa uchakataji katika hesabu, ushahidi wa tofauti hizo ulitoweka.

Hoja ya wakosoaji inahitaji kueleweka kwa usahihi. Hawakuthibitisha kwamba tofauti baina ya jamii hizo haipo. Walionesha kwamba data hizo haziwezi kutenganisha tofauti ya jamii na tofauti ya miaka, kwa kuwa ziliandaliwa bila kuacha nafasi ya kuzitenganisha. Suala hili linatuhusu kwa karibu. Katika awamu ya tatu ya mradi wa HapMap waliingizwa Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa nchini Kenya, na seli zao pia zimepimwa kwa maikroarei pamoja na za jamii nyingine. Mtu anayesoma kwamba jeni za jamii fulani "hutenda tofauti" anayo haki ya kuuliza kwanza: zilipimwa lini, na pamoja na za nani?

3.4 Kupanga Sampuli kwa Nasibu

Kinga dhidi ya kosa hilo haina gharama kubwa. Tuseme mtafiti wetu ana makundi A, B na C, kila moja likiwa na mafungu sita ya mbu; jumla ni sampuli 18, na maabara inaweza kuchakata sampuli sita kwa siku. Mpango unaomjia mtu kwa urahisi ni kuchakata A siku ya Jumatatu, B Jumanne na C Jumatano. Mpango huo unaliharibu jaribio lote, kwa kuwa siku na kundi vimekuwa kitu kimoja. Mpango unaofaa ni kuchakata kila siku sampuli mbili kutoka katika kila kundi. Sampuli zipi ziende siku ipi, na zikae wapi juu ya kibamba, iamuliwe kwa kura na si kwa mazoea ya mkono. Kwa njia hiyo, Jumanne ikiwa na joto kali au kemikali dhaifu, makundi yote matatu yatapata athari hiyo kwa kiasi kinacholingana, nayo itaweza kukadiriwa na kuondolewa.

Katika mfumo wa rangi mbili lipo jambo la ziada. Rangi za Cy3 na Cy5 hazishikamani kwa kiwango kimoja na kila uzi, na Cy5 huharibiwa na ozoni iliyo hewani. Ikiwa mbu sugu daima hupakwa Cy5, tabia ya rangi itasomwa kama tabia ya mbu. Hivyo ni sharti katika nusu ya vibamba rangi zibadilishane nafasi.

4.0 Uchambuzi wa Data

4.1 Ukaguzi na Usawazishaji

Kazi ya kwanza ya mchambuzi ni kutazama. Picha za vibamba zikaguliwe ili kubaini mikwaruzo, mapovu na maeneo yaliyooshwa vibaya. Kisha uwiano wa mng'ao hugeuzwa kuwa logi ya kizio 2. Sababu ni rahisi: jeni iliyoongezeka maradufu ina uwiano wa 2, na iliyopungua hadi nusu ina uwiano wa 0.5, katika namba hizo ongezeko linaonekana kubwa kuliko upungufu. Katika logi, ya kwanza huwa 1 na ya pili huwa -1, nazo zimelingana.

Usawazishaji ni kuondoa tofauti zinazovikumba vibamba vizima, kwa mfano kibamba kimoja kung'aa zaidi ya vingine kwa sababu kilipata RNA nyingi. Mbinu nyingi za usawazishaji hudhani kwamba jeni zilizo nyingi hazikubadilika, na kwamba zilizopanda na zilizoshuka zinakaribiana kwa idadi. Dhana hiyo hukubalika kibamba kinapokuwa na jeni zote za kiumbe. Kibamba chenye jeni 230 zilizochaguliwa kwa sababu zinahusiana na usugu hakipaswi kudhaniwa hivyo bila kufikiri, kwani huenda sehemu kubwa ya jeni zake kweli zimepanda. Usawazishaji ukilazimishwa hapo, utafuta jambo lile lile linalotafutwa.

4.2 Kupima Jeni Mojamoja

Baada ya usawazishaji, kila jeni hupimwa kwa kulinganisha tofauti ya wastani wa makundi na mtawanyiko ulio ndani ya makundi. Zamani ilizoeleka kuchagua jeni zote zilizobadilika maradufu na zaidi. Kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa jeni yenye mng'ao hafifu hubadilika maradufu kwa kelele za mashine tu, ilhali jeni thabiti inaweza kubadilika kwa nusu ya kiwango hicho na ikawa na maana kubwa.

Kipimo cha t cha kawaida nacho kina tatizo lake. Sampuli zikiwa chache, miongoni mwa maelfu ya jeni hazikosekani zile ambazo kwa bahati vipimo vyake vimekaribiana mno. Mtawanyiko wake huonekana kuwa karibu na sifuri, na thamani ya t hupaa bila sababu ya kibiolojia. Smyth, katika kazi yake ya mwaka 2004 iliyo msingi wa programu ya limma, alitumia njia ya kuuvuta mtawanyiko wa kila jeni kuelekea ule wa jeni zote kwa pamoja. Jeni moja ina sampuli chache za kujieleza, lakini maelfu ya wenzake yanaweza kuikopesha taarifa. Ndani ya hesabu hiyo huingizwa pia siku ya uchakataji kama kigezo kinachojitegemea. Hilo huwezekana tu ikiwa kila siku ilikuwa na sampuli za kila kundi.

4.3 Tatizo la Maswali Mengi

Sasa tunaweza kulieleza lile zoezi la namba za nasibu. Kiwango cha 0.05 kinamaanisha kwamba, pasipo tofauti yoyote ya kweli, bahati itatoa tofauti ya uongo mara 5 katika kila vipimo 100. Kwa vipimo 10,000, tunatarajia 500. Kompyuta haikukosea, aliyekosea ni aliyeuliza maswali 10,000 na kuyahukumu kana kwamba aliuliza moja.

Suluhisho la Bonferroni ni kugawanya 0.05 kwa idadi ya vipimo. Kwa jeni 10,000, kila jeni itatakiwa kuwa na thamani ya p iliyo chini ya 0.000005. Njia hii hulinda dhidi ya kosa hata moja, lakini huzitupa jeni nyingi za kweli. Benjamini na Hochberg walipendekeza mwaka 1995 kudhibiti kiwango cha ugunduzi wa uongo, yaani sehemu ya orodha inayotarajiwa kuwa na makosa. Thamani za p hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Ya kwanza hulinganishwa na 0.000005, ya 100 na 0.0005, ya 200 na 0.001, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha nafasi ya jeni kwa 0.05 na kugawanya kwa 10,000. Nafasi ya mwisho ambayo thamani yake haizidi kipimo chake ndiyo mpaka wa orodha. Ikiwa mpaka huo umeangukia jeni ya 200, mtafiti anatarajia kwamba, kwa wastani, zisizo za kweli hazitazidi 10 hivi. Hajui ni zipi. Kwa hiyo jeni anazokusudia kuzitangaza sharti zithibitishwe kwa mbinu nyingine, na kwa mbu wengine.

5.0 Utunzaji wa Kumbukumbu

Jaribio lililopangwa vizuri linaweza bado kupotezwa na jedwali lililovurugika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha makala iliyodai kwamba data za maikroarei zingeweza kubashiri dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Wanatakwimu Baggerly na Coombes walijaribu kuyapata upya matokeo hayo kwa kutumia data zilizotolewa, wakashindwa. Katika makala yao ya mwaka 2009 walieleza waliyoyakuta: orodha za jeni zilizosogea kwa mstari mmoja, hivyo kila jina likawa limekaa mbele ya namba ya jirani yake, na alama za "sugu" na "isiyo sugu" zilizogeuzwa. Wakati huo majaribio ya kitabibu yaliyotegemea kazi hiyo yalikuwa yamekwisha kuwapokea wagonjwa. Yalifungwa mwaka 2010, na makala ya mwaka 2006 iliondolewa rasmi mwaka 2011. Uchunguzi rasmi wa baadaye ulibaini pia udanganyifu katika data. Hata hivyo, makosa mengi waliyoyataja wanatakwimu hao yalikuwa mepesi, ya aina inayoweza kumpata mtafiti yeyote mwaminifu anayehamisha safuwima kwa mkono usiku wa manane.

Kwa sababu hiyo, mtafiti anayeanza anashauriwa kuandika kila hatua ya uchambuzi kama amri zinazoweza kuendeshwa upya tangu faili ghafi hadi mchoro wa mwisho. Kutobadilisha faili ghafi kamwe. Na kuandika kwa kila sampuli tarehe, saa, mtendaji, fungu la kemikali na namba ya kibamba. Tarehe ndizo zilizowawezesha Akey na wenzake kugundua walichogundua. Kumbukumbu hizo zisipokuwepo, kosa halitoweki. Hukosa tu njia ya kuonekana.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza namna maikroarei inavyofanya kazi, namna ya kuchagua makundi na marudio, namna ya kuzuia athari ya fungu isifungamane na swali la utafiti, na mahesabu ya msingi ya kuisoma orodha ya jeni. Katika maabara nyingi maikroarei sasa imepisha mbinu za kusoma mfuatano wa RNA moja kwa moja. Mabadiliko hayo hayapunguzi uzito wa yaliyoelezwa, kwani mashine mpya nazo zina mafungu, siku na mikono ya watu, na idadi ya jeni zinazoulizwa ni kubwa vilevile.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mbu waliosagwa hawawezi kusagwa tena kwa mpangilio mwingine, na msimu wa mvua uliowaleta hautarudi kabla ya mwaka mwingine. Mtafiti anayeanza na aketi na karatasi, kalamu na orodha ya sampuli zake, aandike kila kitakachotofautiana baina ya makundi yake, kisha ajiulize kama kuna kimoja kinachokwenda sambamba na usugu. Akikipata, bado ana muda wa kukibadilisha. Akikipata baada ya vibamba kusomwa, atakachoweza kufanya ni kukiri tu.